Kanisa la Winchester: pampu ilivyokaribia kulimaliza na mzamiaji alivyoliokoa

Kamati nyingi za majengo ya kanisa zikiona ufa zinafanya kitu kilekile, anaitwa fundi aje na ndoo ya plasta, ufa unazibwa, rangi inapigwa, Jumapili inayofuata mwenyekiti anapongezwa kwenye matangazo. Mwaka ukizunguka ufa umerudi palepale na safari hii umekuja na ndugu zake. Tumefundishwa usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa kabisa, ila kuna nyufa ambazo ukiziziba tu ukuta utaanguka na plasta yako juu. Sasa nataka tukae kidogo na kisa cha kanisa kuu la Winchester kule Uingereza, kisa cha miaka ya 1905 hadi 1912, kwa sababu sijaona kisa kingine kinachoonyesha vizuri hivi jinsi tatizo linavyoweza kuwa mita sita chini ya pale kila mtu anapoangalia, na jinsi dawa ya kwanza inayokuja kichwani inavyoweza kuwa ndo sumu yenyewe.

Winchester ni mji mdogo kusini mwa Uingereza, zamani ulikuwa makao ya wafalme wa Wessex, ufalme wa kale wa huko kusini, kabla London haijachukua nafasi. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1079 na askofu Walkelin, Mnormani, yaani mtu wa Normandy kule Ufaransa, miaka 13 tu baada ya Wanormani kuivamia nchi, na wavamizi kawaida yao wanajenga vikubwa ili wenyeji waelewe nani yuko juu. Leo jengo lina urefu wa kama mita 170 kutoka mlango mkubwa hadi mwisho wa upande wa mashariki. Kiwanja sasa ndo shida, kipo kwenye bonde la mto Itchen, ardhi ya chini, maji hayako mbali. Kuna chumba cha chini ya kanisa, wenyewe wanaita kripti, kinajaa maji kila majira ya baridi na kimekuwa kinajaa miaka nenda rudi, yaani dalili ipo wazi pale chini toka enzi hizo, mtu anashuka ngazi anaikuta.

Mwaka 1107 mnara wa katikati ukaanguka. Watu wakasema ni kwa sababu mfalme William Rufus alizikwa chini yake, na Rufus alikuwa hana sifa nzuri hata kidogo mbele ya watu wa dini, kwahiyo maelezo yakakubalika haraka. Ila hata wakati ule kuna mtawa mmoja, William wa Malmesbury, mwandishi wa historia, aliandika kwamba huenda mnara ungeanguka tu hata kama mfalme huyo asingezikwa pale, kwa ubovu wa ujenzi. Huyu mtawa namheshimu sana. Miaka 900 iliyopita, katikati ya watu wanaotafuta mkosi, yeye anauliza habari za fundi.

Halafu ikaja nyongeza, na hapa ndipo kisa chetu kinapoanza hasa. Kuelekea mwaka 1202 hivi askofu Godfrey de Lucy akaamua kuliongeza kanisa upande wa mashariki, nyuma ya madhabahu, kwa sababu mahujaji walikuwa wengi wanakuja kwenye kaburi la mtakatifu Swithun na nafasi ilikuwa haitoshi. Sababu nzuri, waumini wameongezeka tunapanua, nani atapinga. Lakini upande huo wa mashariki ardhi ni mbovu kuliko sehemu nyingine, chini kuna tabaka nene la udongo mweusi wa kinamasi, mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka ikabaki imelowana, na chini yake ndo unakuta kokoto ngumu za kubebea mzigo. Mafundi wa de Lucy hawakuwa na namna ya kuchimba mpaka kwenye hizo kokoto, maji yangewajaa kabla hawajafika. Wakafanya walichoweza, wakalaza magogo ya mti wa beech, yamepangwa na kupishana, wakatengeneza chelezo kubwa juu ya huo udongo, wakajenga kuta za mawe juu yake.

Kabla hujawacheka jua kwamba mbao ikikaa ndani ya maji muda wote bila kupata hewa haiozi kirahisi, vijidudu vinavyokula mti vinahitaji oksijeni, ndo maana watu wa pwani wanajua nguzo ya mkoko huwa inaliwa pale maji yanapopanda na kushuka. Kwahiyo chelezo lile lilifanya kazi kwa karne saba, siyo mchezo, majengo mangapi tunayojenga sasa hivi yatafika hata mia. Ila udongo wa kinamasi ukikandamizwa unabonyea kama godoro la zamani, na haubonyei sawasawa, pale penye ukuta mzito unashuka zaidi, pale penye dirisha unashuka kidogo, na jengo la mawe haliwezi kujikunja kufuata hayo mabonde, likilazimishwa linapasuka.

Basi ikafika 1905. Kuta za upande wa mashariki zilikuwa zimeinama kuelekea nje, mapaa ya mawe yale ya kupinda yamefunguka, vipande vya mawe vinadondoka, na nyufa nyingine zilikuwa pana kiasi kwamba bundi walikuwa wanalala humo. Kwetu bundi akitua juu ya bati usiku mmoja tu asubuhi watu wanapigiana simu kuulizana nani anaumwa, pale walikuwa wamehamia kabisa. Na hizo siyo nyufa zilizotokea jana, upo ushahidi kwamba mafundi wa karne zilizotangulia walikuwa wanaziona, wanaziba, wanaendelea na ibada.

Msanifu aliyeitwa ni Thomas Graham Jackson, jina kubwa wakati huo, majengo mengi ya Oxford ni ya mkono wake. Jackson alifanya jambo ambalo wasanifu wengi wenye majina huwa hawalifanyi, alipoona hili limezidi utaalamu wake akaita mhandisi, Francis Fox, mtu wa mahandaki na reli, aliyeshiriki handaki la reli chini ya mto Mersey kule Liverpool. Ona hapo, kanisa la karne ya 11 linaumwa na anaitwa daktari wa mahandaki. Kamati isiyojua ingesema huyu wa reli anahusika vipi na nyumba ya Bwana. Lakini Jackson alishaelewa kwamba tatizo lake siyo mawe yaliyo juu, ni maji na udongo ulio chini, na mtu anayeshinda na hivyo vitu kila siku ni mchimba mahandaki.

Kabla ya kugusa msingi walilishikilia jengo kwanza. Magogo makubwa yakasimikwa kuegemeza kuta upande wa nje, matao ya ndani yakajazwa fremu za mbao yasiporomoke, vyuma virefu vikapitishwa kufunga ukuta na ukuta. Halafu ikaja mashine ya kusukuma uji wa simenti, ilibuniwa na Greathead, yuleyule wa mahandaki ya treni za chini London, unaingiza mpira kwenye ufa, unasafisha vumbi kwa maji, halafu unasukuma uji kwa nguvu ya hewa mpaka mashimo yote ya ndani ya ukuta yanajaa. Kuta nene za zamani siyo jiwe tupu kutoka nje hadi ndani, ni ganda la mawe mazuri pande mbili na katikati kumejazwa mawe ovyo na chokaa, na baada ya miaka mia kadhaa ile chokaa ya katikati inageuka vumbi, unabaki na maganda mawili yanayosimama kwa mazoea. Ukichimba chini ya ukuta wa namna hiyo bila kuufunga kwanza unaangukia shimoni. Huu mpangilio wa kazi, shikilia, funga, ndipo uchimbe, naona ndo sehemu inayorukwa sana kwenye ukarabati wa majengo ya zamani, watu wanabomoa upande mmoja wakidhani upande wa pili utasubiri.

Wakachimba shimo la majaribio pembeni ya ukuta. Wakapita udongo wa kawaida, wakakuta magogo ya de Lucy, wakapita magogo, wakafika kwenye ule udongo mweusi, na walipoutoboa kuelekea kwenye kokoto maji yakapanda kwa kasi na kujaza shimo. Kumbe maji ya kwenye tabaka la kokoto yalikuwa yamebanwa na ule udongo wa kinamasi juu yake, yanasubiri tundu tu.

Jibu la kwanza likawa lile ambalo mimi na wewe tungelitoa, leteni pampu. Pampu ikaletwa, ikaanza kuvuta. Na hapa Fox akashtuka, maana maji yaliyokuwa yanatoka hayakuwa masafi, yalikuwa yanabeba mchanga laini na tope. Fikiria hilo tope linatoka wapi. Linatoka chini ya kuta. Kila lita inayotoka na mchanga wake inaacha uwazi mdogo mahali fulani chini ya jengo la maelfu ya tani ambalo tayari limeinama. Isitoshe udongo wa kinamasi ukikaushwa unasinyaa, na maji yenyewe yanasaidia kubeba sehemu ya mzigo, ukiyatoa mzigo wote unaangukia kwenye udongo ambao hauna nguvu. Kwa lugha nyepesi, walikuwa wanalitibu kanisa na huku wanalivuta lizame haraka zaidi.

Hapa watu wa kwetu tukae kidogo. Siyo lazima uwe na kinamasi cha Uingereza. Yako makanisa ya zamani yamejengwa juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule ambao masika unavimba na kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, na kinachopasua kuta pale siyo mvua yenyewe wala siyo jua lenyewe, ni kule kubadilikabadilika. Halafu mtu anapanda miti mikubwa mita mbili kutoka ukutani kwa ajili ya kivuli, miti inakunywa maji upande mmoja tu, upande mwingine bomba la mvua limekatika linamwaga maji yote ya paa kwenye kona moja, na kamati inakaa kujadili rangi gani ipigwe, krimu au nyeupe. Ukuta wa hivyo una upande mmoja mkavu na mmoja umelowa mwaka mzima, utapasuka tu, uombe usiombe. Fundi mzoefu wala hakimbilii plasta, anabandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, anaandika tarehe, anaondoka. Kioo kikibaki kizima baada ya masika na kiangazi, ufa umelala, unaweza kuuziba. Kikikatika, ufa unatembea, na unaotembea hauzibwi mpaka ujue nini kinausukuma.

Turudi Winchester. Fox alikuwa na hali hii mkononi: lazima afike kwenye kokoto ili ajenge msingi mpya, hawezi kufika bila kuingia kwenye maji, na hawezi kuyatoa maji bila kuua jengo. Akaamua maji yabaki, aingie mtu. Wakaita kampuni ya Siebe Gorman ya London iliyokuwa inatengeneza vifaa vya kuzamia, na mzamiaji aliyeifanya kazi hiyo ni William Walker, mzoefu wao, umri wake wakati huo miaka thelathini na kitu. Akaanza mwaka 1906 na akamaliza 1911. Soma tena hiyo miaka. Huyu mtu hakwenda kupiga mbizi wiki mbili akapigwa picha akaondoka, alifanya kazi chini ya kanisa moja kwa zaidi ya miaka mitano.

Mavazi yenyewe yalikuwa ni suti nzito ya turubai na mpira, kofia ya shaba, viatu vya risasi, ile metali nzito, vyote pamoja karibu kilo 90, na hewa inatoka juu kwa pampu ya mkono ambayo wasaidizi wanaizungusha muda wote yupo chini, wakichoka hakuna kupumzika. Akishashuka haoni kitu. Siyo kwamba kuna giza la kawaida, maji yalikuwa meusi kwa tope kiasi kwamba taa haikuwa na faida, alifanya kazi yote kwa kupapasa. Kina kilifika mita 6. Na isitoshe mashimo yalikuwa yanapita kwenye ardhi ambayo watu walikuwa wanazikwa kwa karne nyingi, kwahiyo maji yale hayakuwa maji ya kutia mdomoni. Kwa kuwa kuvaa na kuvua suti nzima ilikuwa ni shughuli ndefu, inasimuliwa kwamba saa ya chakula alikuwa anatoa kofia tu, anakula na suti yake, anavuta kiko, anarudi chini. Na mwisho wa wiki, inasimuliwa vilevile, alikuwa anapanda baiskeli kwenda kwa familia yake upande wa Croydon, kilomita zaidi ya mia moja. Hii ya baiskeli kila nikiisoma nahisi kuchoka mimi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi, na naomba uifuate taratibu kwa sababu ndo moyo wa kisa. Hawakuchimba chini ya ukuta mzima kwa mpigo, wangefanya hivyo tungekuwa tunasoma habari ya magofu. Walichimba shimo jembamba moja linaloingia chini ya ukuta, upana wa mtu mmoja au wawili kujigeuza, ukuta uliobaki kulia na kushoto unaendelea kukaa kwenye msingi wa zamani. Vibarua wanachimba sehemu ya juu mpaka karibu na maji. Walker anashuka, anakata ule udongo mweusi uliobaki, anaupakia, unavutwa juu, mpaka vidole vyake vinagusa kokoto. Sasa anateremshiwa magunia ya zege, anayapanga chini kwa mkono, yakiwa yamebanana, anayachana ili zege ligusane na kushikana, halafu tabaka jingine juu yake mpaka sakafu inakuwa nene ya kutosha. Zege likishakauka limeziba tundu la chini, maji ya kwenye kokoto hayawezi tena kupanda wala kuleta mchanga. Hapo sasa, na hapo tu, pampu inawashwa, shimo linakaushwa bila madhara, na waashi wanashuka wakiwa wakavu kujenga kwa matofali ya zege na matofali ya kuchoma kwenda juu mpaka wanakutana na tumbo la ukuta wa zamani, wanakaza vizuri pasibaki nafasi. Shimo limekwisha. Wanahamia jingine, siyo la jirani moja kwa moja, wanaruka ili pale palipojengwa papate nguvu kwanza.

Kwahiyo pampu haikutupwa. Ilibadilishiwa zamu tu, ya kwanza ikawa ya mwisho, na pampu ileile iliyokuwa inaliua kanisa ikawa salama baada ya mtu kuziba kwanza chini. Mimi nikimuelezea mtu kisa hiki huwa nakomea hapa kidogo nimuache afikirie, maana wengi wanakumbuka mzamiaji na kofia ya shaba, na hawakumbuki kwamba ujanja wote wa Fox ulikuwa kwenye kupanga nani atangulie.

Mashimo yalikuwa 235. Hesabu iliyobaki kwenye kumbukumbu za kanisa ni magunia 25,800 ya zege, matofali ya zege 114,900 na matofali ya kuchoma 900,000. Na wafanyakazi walikuwa karibu 150 kwa wakati mmoja, wachimbaji, waashi, maseremala, watu wa pampu. Hii naisema kwa sababu kisa kinapopendwa kinapungua watu, sasa hivi ukikisikia kwa Waingereza wenyewe utaambiwa mtu mmoja aliliokoa kanisa kwa mikono miwili. Walker alifanya lile ambalo wengine wasingeweza, hilo halina ubishi, lakini mikono miwili haijengi matofali laki tisa.

Kuna upande wa pili wa kisa ambao hausimuliwi sana na mimi naona una faida kuliko ule wa mzamiaji, kwa sababu unatuhusu zaidi. Ukuta wa kusini wa ukumbi mkubwa, kule wanakokaa waumini, nao ulikuwa umeinama kwenda nje, na safari hii kinamasi hakikuwa mshitakiwa peke yake. Kanisa lilikuwa la watawa, na upande huo wa kusini palikuwa na baraza zao, zile za kuzunguka ua, zimejengwa zimeshikana na ukuta wa kanisa. Mfalme Henry VIII akafunga nyumba za watawa, watawa wakaondoka 1539, na baadaye kwenye karne hiyohiyo ya 16, wakati wa askofu Horne, zile baraza zikabomolewa. Watawa hawapo, baraza za nini. Kumbe zile baraza miaka yote zilikuwa zinaegemeza ukuta, paa la mawe la ndani linasukuma ukuta nje na baraza zinausukuma kurudi ndani, hakuna aliyeziandika kwenye ramani kama nguzo lakini kazi ya nguzo zilikuwa zinafanya. Zikaondoka, ukuta ukaanza kwenda nje, polepole kiasi kwamba aliyebomoa alikufa bila kuona kosa lake, na wajukuu wa wajukuu zake pia.

Jackson akajenga upande huo egemeo kumi za mawe, zile za kuruka kwa tao kutoka chini kwenda kubana ukuta juu. Ukienda leo unaziona, zinaonekana za zamani ila ni za karne ya 20, na zinafanya kazi iliyokuwa inafanywa bure na baraza za watawa.

Ndo maana naogopa sana lile neno la vikao vyetu, "tuondoe hiki, hakina kazi." Ukuta wa ndani unatolewa ili kwaya ipate nafasi ya spika na kinanda. Ngazi ya mawe ya nje inavunjwa ipite njia ya magari. Chumba kidogo cha sakristia cha zamani kinabomolewa kwa kuwa kinaharibu muonekano kwenye picha za harusi. Huenda kweli hakina kazi. Ila kwenye jengo la zamani lililojengwa bila nondo, kila kitu kimeegemea kitu, na mwenye kubomoa anatakiwa kuthibitisha kwanza, siyo yule anayetaka kibaki. Na gharama ya kumleta mhandisi wa miundo aangalie nusu siku ni ndogo ukiweka pembeni ya bajeti ya tamasha moja tu la uimbaji.

Pesa, maana hakuna kisa cha ukarabati kisicho na pesa. Jumla ilifika pauni 113,000, hela nyingi mno kwa wakati ule. Mkuu wa kanisa, William Furneaux, alibeba mzigo wa kuzitafuta, akaita michango ya umma, akaendelea kuomba mwaka baada ya mwaka huku shughuli ikizidi kukua. Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Unachangisha kwa ajili ya kitu ambacho hakuna mchangiaji atakayekiona kamwe. Mtu akichangia madirisha ya vioo vya rangi anakuja na wageni anawaonyesha, akichangia kengele anaisikia, huyu wa Furneaux amechangia gunia la zege lililo gizani chini ya maji machafu. Kwenye harambee zetu ni vilevile, vigae vya madhabahuni vinapata wafadhili kabla ya chakula cha mchana, mfereji wa kutoa maji nyuma ya kanisa unakosa hata wa kuuongelea. Sijui Furneaux alikuwa na ulimi gani, lakini kupata hela zote zile kwa ajili ya msingi naona ni kazi inayolingana na ile ya Fox.

Ibada ya shukrani ilifanyika tarehe 15 Julai 1912, mfalme George V na malkia Mary wakahudhuria. Tarehe hiyo ni sikukuu ya mtakatifu Swithun, yuleyule ambaye mahujaji wake walisababisha jengo kupanuliwa kwenye kinamasi, na Waingereza wana imani kwamba mvua ikinyesha siku ya Swithun itanyesha siku arobaini mfululizo. Kanisa lililokaribia kuuawa na maji, mwenyeji wake ni mtakatifu wa mvua. Walker akapewa nishani ya kifalme, ile ya Victoria, cheo cha Member. Aliishi miaka sita tu baada ya hapo, mwaka 1918 homa kubwa iliyozunguka dunia ikamchukua.

Nina la kulalamikia kwenye ukarabati wenyewe, lisije likaonekana kila walichofanya ni dhahabu. Ule uji wa simenti waliousukuma ndani ya kuta za chokaa leo watu wa hifadhi wangeufikiria mara mbili. Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka, na jengo likicheza kidogo chokaa inacheza nalo. Simenti ya Portland, hii ya kawaida ya kiwandani, ni ngumu, inabana unyevu, na ukishaisukuma ndani ya ukuta huwezi kuitoa tena. Mwaka 1906 hawakuwa na njia nyingine ya haraka na jengo lilikuwa linaanguka, kwahiyo siwahukumu. Ila anayefanya hivyo sasa hivi kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa kule Zanzibar, Bagamoyo au Mombasa hana kisingizio chao, pale simenti inafungia chumvi na maji ndani, jiwe linaanza kumegeka nyuma ya plasta huku nje kunang'aa, na siku plasta inadondoka inadondoka na uso wa jiwe. Chokaa ipo, mafundi wa chokaa wapo ingawa wanapungua, inachukua muda zaidi kukauka na inahitaji mkono unaojua. Waulizeni wazee kabla hawajaisha.

Na kripti? Bado inajaa maji kila mwaka. Baada ya kazi yote ile hakuna aliyeamua kuikausha, na sababu unazijua tayari. Wameweka humo sanamu ya mtu, kazi ya Antony Gormley, imesimama ndani ya maji, wageni wanakwenda kuipiga picha.

Sanamu ya Walker mwenyewe nayo ina kisa chake. Mwaka 1964 kanisa likaona limuenzi, likaagiza sanamu kwa mchongaji mkubwa Charles Wheeler, akapewa picha ya zamani yenye watu kadhaa wa mradi, akachonga, ikazinduliwa. Ikaja kugundulika kwamba sura iliyochongwa ni ya Francis Fox. Mzamiaji amevalishwa uso wa mhandisi, ndugu wa Walker wakasimama pale wanamtazama mtu mwingine. Ilichukua mpaka 2001 ndipo sanamu nyingine ikatengenezwa na Glynn Williams, ndogo, ya mwanaume mwenye masharubu na kofia yake ya kuzamia mkononi, na safari hii uso ni wake.